Ufa Alioziba Bwana Kipimo

Kazini walimbandika jina la Bwana Kipimo, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Hakupitisha kazi ya mtu kabla ya kuuliza, "Umepima?" Vijana wakimwona anakuja, miwani juu ya paji la uso, walikonyezana na kucheka chini chini.

Basi ifikirie aibu yake siku alipoletewa taarifa ya shimo la usalama, upenyo wa wezi, akafukua programu mstari kwa mstari, akakuta kosa ni la mkono wake mwenyewe, la miaka minane iliyopita.

Kazi yake ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Ya kwake ilikuwa ya kadi ya mtandao isiyoshikika. Kompyuta moja kubwa hugawanywa vyumba, kila mpangaji akidhani ana kompyuta yake peke yake, na kadi hiyo ya kubuni ndiyo mlango wa kila chumba. Mzigo ukifika mlangoni husema una ukubwa gani, na draiva, ndiyo bawabu wa mlango huo, inatakiwa iupime yenyewe. Bwana Kipimo, siku moja ya kutaka mambo yaende haraka, aliufuta mstari wa kupima. Tangu hapo bawabu aliamini kila alichoambiwa, na mpangaji mwenye nia mbaya angeweza kupitisha mzigo wa uongo, kisha akachungulia vyumba vya majirani.

Kuliziba shimo hilo kulichukua mistari mitatu na asubuhi moja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akaziba akanyamaza. Lakini mafundi wa kazi hii wana desturi yao: kiraka, yaani mistari ya kuzibia shimo, hufichwa mpaka siku waliyokubaliana, kisha hutangazwa kwa watu wote kwa mpigo. Watu wote ni pamoja na wezi. Mwizi huisoma ile mistari mitatu, akajua mlango mbovu uko wapi. Kuanzia hapo ni mbio, na atakayechelewa kuweka kiraka ndiye atakayeliwa.

Kiraka kilitoka Jumanne saa tatu asubuhi. Saa nne Bwana Kipimo alikuwa kwenye kliniki ambako dada yake mkubwa alitunza kumbukumbu za wagonjwa. Kumbukumbu hizo zilikaa kwenye mashine ya vyumba vya namna hiyo hiyo, na ni Bwana Kipimo aliyewachagulia.

"Dada, mashine yenu inatakiwa izimwe na kuwashwa leo, kiraka kiingie. Dakika kumi tu. Wapangaji wenzenu wote wameshakubali, mmebaki ninyi."

"Dakika kumi!" Dada alicheka bila furaha. "Mwaka jana tuliambiwa dakika kumi, ikalala siku tatu. Barua ya onyo alipewa nani? Sasa haizimwi bila sahihi ya mganga mkuu, na mganga mkuu yuko likizo mpaka Jumatatu."

"Mpigie simu."

"Kazima. Nikitia sahihi mimi, kesho sina kazi."

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufanye nini ukishauziba, halafu mwenye nyumba akawa likizo. Bwana Kipimo alikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, mikono katikati ya magoti. Mbele yake mama mmoja aliinamia dirisha, akanong'ona ugonjwa wake ili foleni isisikie. Dada akauandika. Kila kitufe alichobonyeza kilimchoma mdogo wake moyoni, naye hakuwa na la kufanya. Alisimama.

"Basi andikeni kwenye karatasi mpaka Jumatatu."

"Mafaili tuliyachoma. Ninyi si ndio mliosema kompyuta ni salama?" Kisha dada akalegeza sauti. "Halafu, si wewe uliyeichagua? Basi mimi sina wasiwasi. Nakujua, mdogo wangu. Hata sukari ya chai ulikuwa unasawazisha kijiko kwanza."

Angeweza kuishia hapo, aondoke na sifa zake. "Shimo nililiacha mimi, dada," alisema. "Kwa haraka zangu."

Dada aliondoa vidole kwenye vitufe. "Nani anaweza kuona humo?"

"Anayejua pa kuingilia. Labda hakuna. Labda ameshaingia. Sina njia ya kujua."

Dada alitazama foleni, akasogeza uso karibu na dirisha. "Na mimi nimo."

"Kama mfanyakazi?"

"Kama mgonjwa. Tangu mwezi wa pili. Mama hajui. Na wewe sikutaka ujue."

Bwana Kipimo aliutazama uso wa dada yake na kuona kweli amekonda, na kwamba amekonda siku nyingi. Alitaka kuuliza ni ugonjwa gani, akaona hana haki ya kuuliza.

"Nipishe," dada alisema taratibu. "Watu wanasubiri."

Akapisha. Mzee mmoja mwenye fimbo akasogea, na dada akamuuliza jina.