Suruali Iliyopunguzwa Kiuno

Fundi cherehani wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Futikamba, hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia umeshakula, atakutazama tumbo. Alipoamua kwenda jijini kumwona mdogo wake wa kiume, hakuniaga hata mimi ninayeshona naye chumba kimoja. "Ningesema, mngempigia simu," aliniambia baadaye. Na kweli tungempigia.

Mdogo wake huyo, dereva wa lori, alikuwa pandikizi la mtu. Bi Futikamba ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamshonea kila suruali aliyopata kuvaa, na kutusifia mwili wake kama vile ameuumba yeye. Zamani alikuwa haishi kuja nyumbani, anapiga honi mpaka kuku wanatawanyika. Sasa mwaka ulikuwa unakwisha hajaonekana. Simu ikipigwa anapokea mkewe: yuko safarini, kalala, mtandao unasumbua. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Bi Futikamba, akapanda basi. Alimpigia wifi yake maghorofa ya jiji yakiwa yameshaonekana dirishani.

Jiji lenyewe halikumtuliza moyo. Watu walipita mbio bila salamu, kila mmoja kama amevunja kitu cha watu. Mwanamume mmoja alimwonyesha njia bila kudai chochote, na hilo ndilo lililomtisha. Wa bure huyu anataka nini? Akamuuliza muuza magazeti, kisha askari wa barabarani, na wote walipomwelekeza kulekule akaamua kwamba lao moja. Kwenye lifti aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili, ingawa mle ndani alikuwa peke yake.

Wifi yake alimpokea kwa furaha kubwa mno. Furaha hiyo ikamtia wasiwasi zaidi.

"Karibu wifi yangu! Mbona hukusema mapema?"

"Nimesema sasa. Mumeo yuko wapi?"

"Safarini, wifi. Lori limeharibika huko njiani."

"Mwaka mzima linaharibika tu?"

Wifi akakimbilia jikoni kuangalia chai ambayo hata hajaibandika.

Bi Futikamba akatoka kibarazani. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia suruali ya kijivu aliyoishona mwenyewe. Akaigeuza ndani nje, maana fundi hawezi kupita nguo bila kuipekua. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa kwa sindano ya mkono, na kitambaa kilichokunjwa ndani kingetosha kaptula ya mtoto. Kiuno cha mdogo wake alikijua kama jina lake. Hata afunge mwezi, humo haingii. Basi yupo mwanamume mwingine, mwembamba, anayelala humu ndani na kuvaa nguo za mwenzake aliye barabarani anatafuta riziki. Chai ilipoletwa hakuinywa.

Asubuhi wifi yake akaaga kwamba anakwenda sokoni, na mkononi kabeba hotpoti. Nani anakwenda sokoni na chakula kilichoiva? Bi Futikamba akamfuata mtaa kwa mtaa, akijibanza nyuma ya magari yaliyoegeshwa, mpaka kwenye geti la ghala la saruji. Hapo alisimama mlinzi aliyewapa mgongo, mifupa mitupu, shati la kazi likimpwaya. Wifi akampa ile hotpoti, akamkung'uta vumbi begani, akamrekebisha na kola. Mlinzi alivaa suruali ya kahawia, na mfuko wake wa nyuma ulikuwa kazi ya mkono wa Bi Futikamba.

Damu ikamchemka. Akavuka barabara bila kutazama gari, akamkamata mlinzi kiunoni kwa nyuma.

"Vua! Vua sasa hivi! Hii nimemshonea mdogo wangu, sikumshonea mwizi wa wake za watu!"

Madereva waliosubiri getini wakapiga miluzi. Mlinzi akageuka polepole.

"Dada," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," Bi Futikamba akaitikia kwa mazoea tu. Sauti aliijua. Uso ilibidi autafute, akauokota kipande kipande: kovu la kwenye nyusi, pengo la jino.

"Ni sukari, Dada. Lori wamempa mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu aseme nipo safarini, na jana nikalala hapahapa ghalani. Usimgombeze."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe huko unanisifia mwili. Niliona haya. Nikasema acha ninenepe kidogo, ndipo nije."

Wifi yake alikuwa analia kimya kimya pembeni yao. Bi Futikamba aliona aibu iliyomchoma. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kiuno cha suruali, na sasa alihisi kwamba kiganja chake kizima kinaingia humo na nafasi inabaki.

"Wifi," aliuliza kwa sauti ya chini, "hii umeipunguza mara ngapi?"

"Mara tatu," wifi yake akajibu. "Ya mwisho juzi."