Mlango wa Nyuma ya Kabati

Juzi mjukuu wangu alirudi na kazi ya skuli: achore ramani ya mtaa wetu. Akanipa penseli. "Nyanya, nisaidie." Wallahi, nusura niirudishe.

Miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri kama wake, mwalimu wetu alikuwa mwanamke mgeni kutoka Mombasa. Alitutembeza wasichana vichochoroni tukihesabu hatua, samaki wa kukaanga wakinukia majikoni mwa watu, kisha akatuketisha na karatasi. "Chora unapopita kila siku," alisema. "Usiache hata mlango mmoja."

Wenzangu wakachora msikiti, kisima, duka la halua. Mimi na kiherehere changu nikachora ninapopita kweli. Chumba cha bibi yangu hapa Lamu kilikuwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia mpaka kugusa nyumba ya pili, na nyuma ya kabati lake palikuwa na mlango mdogo wa kuingilia nyumba hiyo. Kila alasiri bibi alisukuma kabati, jirani akaingia na birika la kahawa ya tangawizi, wakashona kofia moja watu wawili: bibi kipande cha juu, mwenzake kile cha kuzunguka. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi sindanoni na kucheka walipocheka. Mume wa jirani hakujua. Alikuwa amegombana na babu kwa posa iliyokataliwa, akamkataza mkewe kukanyaga kwetu. Bibi aliniusia nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu. Lakini mlango niliuchora, maana kuchora sikudhani ni kusema.

Siku ya wazazi mwalimu alizibandika ramani ukutani, yangu katikati, maana ilimpendeza mno. Mume wa jirani, aliyekuja kuona ya mjukuu wake, alisimama mbele ya yangu muda mrefu. Kisha akanipapasa kichwa, akasema nimechora vizuri. Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Kesho yake asubuhi tulimsikia mwashi upande wa pili wa mlango akipanga mawe kuuziba. Bibi alikaa kitandani, kipande chake cha kofia mkononi, akasikiliza mpaka kazi ikaisha. Nililia nikamwambia ni mimi.

"Nyamaa, mwanangu," alisema. "Ndia ya kupita ilikuwapo, nawe uliiona. Huna kosa."

Lakini hakucheka tena vile. Yeye na jirani waliamkuana matangani na harusini, mbele za watu, basi. Kabati halikusukumwa tena.

Wote wametangulia mbele ya haki. Nyumba ya jirani imenunuliwa na wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka, na alasiri hakuna anayebisha hodi kwa mwenziwe. Kipande cha kofia ninacho sandukuni, hakikupata cha kuzunguka. Bibi alinisamehe siku ile ile. Mimi bado sijajisamehe.

Nilimchorea mjukuu mtaa mzima. Tulipofika chumbani kwa bibi akaweka kidole. "Na hapa pana nini, Nyanya?"

"Ukuta," nikamwambia, nikaupitishia penseli mara mbili.