Kamba Iko

Nikiwa juu ya mchikichi, kichwa changu kinanyamaza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniogopesha. Nikiwa chini, kichwani mwangu ni soko: huyu anaita, yule anagombana, redio tatu zinaimba kwa pamoja, na mimi nahangaika kumsikia mtu mmoja aliyesimama mbele yangu. Juu, kimya. Kila kazi niliyowahi kufanya ilinifukuza, na hii inayonikubali ndiyo inayoweza kuniua. Mke wangu anajua. Ndiyo maana yuko chini ya mti kila ninapopanda.

Miaka sita nilikuwa karani wa shule moja ya watu binafsi hapa Rumonge, kando ya ziwa. Nilizaliwa na kusomea kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, na tuliporudi mwandiko wangu mzuri ulinipatia meza, muhuri na funguo. Funguo nilizipoteza wiki ya kwanza. Muhuri ulikutwa ndani ya friji ya direkta, na mpaka leo sijui niliuwekaje humo. Walicheka. Watu hucheka sana mwanzoni. Kisha asubuhi moja nikatumwa mjini kuchukua bahasha ya mitihani. Njiani lori la mchanga lilikuwa limekwama. Nikasimama kuangalia, nikasaidia kusukuma, nikaanza kuelekeza watu kana kwamba lori ni la baba yangu. Nilirudi shuleni saa nane mchana, nimelowa tope, mkononi nina sahani ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, niliyonunua sokoni. Bahasha? Wee! Darasa zima lilikuwa limekaa tangu asubuhi likinisubiri.

Direkta hakupiga kelele. Angepiga ningefarijika. "Musyo, wewe si mutu mubaya," alisema, "lakini siwezi kukuchunga kama mutoto." Basi, kibarua kikaota nyasi.

Jina la tatizo langu nilikuwa nimelipata palepale shuleni, mwezi mmoja kabla. Mama mmoja mwanasaikolojia alitoka Bujumbura kuwaeleza walimu habari za watoto wasioweza kutulia, na mimi ndiye niliyekuwa naandika ripoti ya mkutano. Kila alichosema kuhusu watoto wale, niliona naandika habari zangu mwenyewe. Nilimfuata nje. Aliniuliza maswali marefu siku ile, akaniuliza tena aliporudi, mwisho akaniambia kwa upole kwamba ninayo TDAH, kwamba si ujinga wala uvivu, ila akili yangu haichagui ishike lipi na iache lipi. Dawa zake, alisema, huku kwetu ni shida kuzipata. Akanishauri kwamba nikipata nafasi ya kuchagua, nitafute kazi ya kutumia mwili, yenye hatua fupi fupi, na niwe na mtu wa pili wa kunikagua. Nafasi ya kuchagua! Baada ya kufukuzwa nilikuwa nayo tele.

Nikajaribu kuanika ndagala ufukweni. Mvua ikatoka Kongo ikavuka ziwa, mimi nikaiangalia inavyokuja, nikaisifia, nikasahau kufunika. Nikajaribu duka la shemeji, nikaacha mlango wazi nikaenda kuona mtumbwi mpya unashushwa majini. Shemeji hanisalimii mpaka leo. Ndipo nikasikia kwamba kule Kizuka mzee mmoja mwenye michikichi anatafuta mpandaji, kwa kuwa aliyekuwepo amevunjika nyonga. Sikuuliza alivunjikaje.

Mchikichi unaupanda kwa kukanyaga visiki vya makuti ya zamani, kamba umeitundika begani. Ukifika juu unaizungusha kwenye shina na kiunoni, unaifunga, ndipo unajilaza nyuma, mikono yote miwili inakuwa huru kukata mkungu. Panda, funga, jilaze, kata. Siku ya kwanza, nilipojilaza nikaona chini kule mbali, redio zote tatu zilizimika. Nikasikia panga. Nikasikia pumzi yangu. Niliposhuka nililia, jamani, mwanaume mzima nimekumbatia mti nalia kwa furaha, na mzee mwenye shamba akadhani nimeng'atwa na siafu.

Mke wangu hakulia. Yeye ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa Fizi kule Kongo, na mambo yake hayana mzaha. "Ule mama wa Bujumbura alisema mutu wa pili," aliniambia. "Basi ni miye." Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda wote, yeye akiokota chikichi zinazopukutika. Kabla sijaweka mguu kwenye mti anaita: "Papa, kamba?" Mimi najipiga begani, najibu: "Iko!" Nisipojibu sipandi. Majirani walitutania mpaka wakachoka. Mtu akikutana nami barabarani, badala ya kunisalimu amahoro, ananiuliza kamba.

Kuna jambo sikumwambia mke wangu. Baada ya miezi michache michikichi ya Kizuka ilianza kuzoeleka. Nilikuwa juu, nimejilaza, na kwa mbali redio moja ikaanza kuimba. Kisha ya pili. Nikakubali kazi Kigwena, kwenye michikichi mikongwe ambayo vijana wanaikataa kwa urefu wake, na kimya kikarudi. Nikamwambia mke wangu kule mikungu ni mikubwa. Ilikuwa kweli, lakini si kwa sababu hiyo nilikwenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulikuwa tumemaliza mti mmoja, tukahamia wa pili. "Papa, kamba?" Nikajipiga begani. "Iko!" Nikapanda. Nilipofika juu ziwa lilikuwa jeupe, na kulikuwa na boti moja imezima injini, watu wake wamesimama wote upande mmoja wanaangalia majini. Wanaangalia nini? Nikawa nawaza hilo huku mwili unaendelea na kazi yake. Nikachomoa panga, nikaachia mkono wa kushoto, nikajilaza.

Nyuma hapakuwa na kitu.

Sijui niliwahije. Nilidaka bua la kuti, miiba ikaingia kiganjani mpaka ndani, panga likaondoka likipiga shina kwenda chini. Mke wangu alipiga kelele, akidhani ni mimi. Nikabaki nimeukumbatia mti, shavu kwenye gome. Nikatazama chini. Kamba ilikuwa palepale nilipoiacha, chini ya mti wa kwanza, imekunjwa vizuri.

Nilishuka taratibu sana. Alinipokea, akaona damu, akaona bega halina kitu. Akageuka akaiona kamba. Hakunifokea. Alifungua kitambaa chake cha kichwa akanifunga mkono, akakaza fundo, kisha akakaa chini kwenye makuti.

"Lakini ulisema iko," aliniambia.

"Nilisema."

"Papa." Alikuwa ananitazama mdomoni, si machoni. "Ulisema iko mara ngapi, na haiko?"

Mpaka leo sijui. Nimejaribu kukumbuka zile siku zote, nikijipiga begani, na ninachokumbuka ni sauti yangu tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa juu. Kuanguka nakujua. Ila mdomo wangu mwenyewe kumwapia mke wangu huku mimi nikiwa kwingine kabisa, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Tulizungumza siku tatu. Alitaka niache. Nikamuuliza niende wapi, naye akataja shule, ndagala na duka la shemeji, akakosa la nne. Mwisho tukakubaliana: hataniuliza tena. Atakuja mpaka nilipo, aishike kamba kwa mkono wake, aivute mara mbili, ndipo nipande.

Mwanzoni alikuwa akiivuta kwa nguvu mpaka bega linauma, macho makavu, kama mtu anayemfunga ng'ombe mkorofi. Nilikuwa nacheka, naye hacheki. Nilipanda nikiwa na amani.

Jana, Kigwena, tulikuwa chini ya mti mrefu kuliko yote ya shamba lile. Alikuja akiongea kwa sauti na jirani aliyekuwa ng'ambo ya mtaro, habari za harusi ya Jumamosi, nani atapika na nani ataleta masufuria. Mkono wake ulifika begani kwangu, ukavuta mara mbili, ukaniachia. Aliendelea kuongea. Nikaangalia alichokuwa amekivuta: ulikuwa mshipi wa mfuko wangu wa maji. Kamba ilikuwa kwenye bega la pili. Jana ilikuwepo.

Sikumwambia kitu. Nilipanda.