Kofia ya Fundi wa Kompyuta

Fundi wa kompyuta pale mtaa wa Kensington hawashi mashine kabla ya kuiombea. Anavua kofia, anaweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa, ananong'ona kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "Mungu, hii mashini ni ya zamani, lakini usiiache." Kofia hairudi kichwani mpaka kazi ikubali. Kawira ameshamzoea. Leo amemletea kompyuta ya enzi za chuo, na mchezo wa magari ambao mumewe, Mwaniki, aliwashinda nao wenzake wa bweni zima. Ameununua upya mtandaoni, lakini umefungashwa kwa ajili ya kompyuta za kisasa. Fundi ameufungua kwenye laptopu yake, akatoa mafaili ya zamani na kuyachoma kwenye sidii, huku pambio likimtoka puani.

Sasa magari yananguruma kwenye kioo cha kompyuta ile ya zamani, kwa mlio ule ule wa nyuki. Kawira anapiga makofi. Fundi bado ana kofia mapajani. Anamtazama Mwaniki aliyeketi kando ya mkewe, ambaye mkono wake wa kulia umepooza tangu alipopata kiharusi, kisha anamsogezea kibodi na kumwekea kidole cha mkono huo juu ya kitufe cha mshale. "Twende, papa," anamwambia kwa heshima ya kwao. "Pole pole."

"Eish, hakiwezi," Mwaniki anasema.

Fundi anangoja, ingawa wateja wamejaa mlangoni. Kidole kinashuka taratibu, kinabonyeza. Gari linachomoka, linayumba, linajibamiza ukutani.

"Nimegonga!" Mwaniki anapaza sauti, akicheka.

Fundi anavaa kofia.