Picha Iliyotoboa Siri ya Muthokoi

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa Kikima, kwao mke wangu, akaongeza chumvi (na mtaona kwa nini hilo neno chumvi linaniuma): mimi ndiye yule mkwe aliyesemwa na simu yake mwenyewe kanisani, mchana kweupe, mama mkwe akisikia.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu kama mke wangu Mwende anavyomwita, alikuwa ametoka kuugua na kanisa lake likamwandalia ibada ya shukrani. Mimi nauza fremu za picha mjini Kitui, basi ukoo mzima unaamini najua mambo ya picha, na sijawahi kuwakatalia. Nikapewa kazi ya kumpiga picha asubuhi pale nyumbani, ionyeshwe kwenye televisheni kubwa ya kanisa.

Nikampiga mbili. Ya kwanza nilitumia ile namna ya kamera inayofifisha nyuma, na nilipoifungua kuitengeneza nikapata kitufe cha kufifisha zaidi, nikapoteza kamba ya nguo na kuku wote, lakini mwaitu alikuwa amefumba macho. Ya pili niliipiga kawaida, kuifungua, kitufe cha kufifisha hakipo, kipo kingine cha kuchagua sura nyingine, nikavuta kidole kidogo tu na macho ya mwaitu yakafunguka. Mtu mwenye akili angejiuliza mbona picha mbili za simu moja zina vitufe tofauti, na hayo macho yalikuwa yamewekwa wapi. Mimi nilijisifu. Mwende aliniuliza kama naelewa ninachofanya, nikamwambia kazi ya fundi aiachie fundi.

Kanisani nikachomeka simu kwa waya. Mwaitu alikaa mbele na leso mpya, na alikuwa ameshawaambia akina mama wenzake kwamba muthokoi wa siku hiyo (mahindi ya kukoboa na maharagwe) ameupika kwa mkono wake, kwa ajili ya mkwe wake anayekula sahani mbili kila akija. Picha ikatokea, watu wakaguna kwa furaha. Halafu ikaanza kusonga. Mwaitu akafungua macho, akafumba, na kwenye spika zote ikatoka sauti yangu, ile niliyomnong'onezea Mwende asubuhi nikiwa nimeshika simu:

"Muthokoi ya mama haina chumvi, mimi nakulanga tu juu ya nthoni."

Nthoni, kwetu Wakamba, ni aibu, na pia ni ile heshima ya mkwe, neno moja. Siku hiyo heshima iliniishia nikabaki na aibu. Nikabonyeza niisimamishe, ikaanza upya. Watu wa nyuma wakacheka, pasta akaomba wimbo haraka haraka, na mwaitu akajifunika uso kwa leso. Nilijipa moyo kwamba naye anacheka. Hakuwa anacheka.

Mwende alinieleza tukiwa nje, bila kunitazama. Ile ya kwanza simu ilikuwa imepima mtu yuko wapi na vitu vya nyuma viko wapi, ndiyo maana ilikubali kufifishwa. Ya pili ilikuwa imerekodi sekunde chache kabla sijabonyeza, pamoja na sauti, ndiyo maana ilinipa sura za kuchagua. Kila picha inakupa kile ilichobeba tu, na yangu niliibebesha mdomo wangu.

Wakati wa chakula mwaitu alinipakulia mwenyewe, akakaa kando yangu, jambo ambalo mama mkwe wa kwetu halifanyi hivi hivi.

"Daktari alinikataza chumvi juu ya presha," akasema polepole. "Watoto wangu wote walilalamika. Ni wewe peke yako ulikula ukaongeza sahani. Nikasema Mungu amenipa mtoto mwingine."

Niliumia, jamani. Nikamwomba msamaha nikiangalia sahani.

"Sasa sema ukweli," akasema. "Unataka chumvi?"

Nikasema nataka. Akainuka na goti lake bovu, akaniletea.

Ile ya picha kusonga nimeizima, na siku hizi nikishika kamera nafunga mdomo kwanza, lakini hayo ni madogo. Tukienda Kikima nakuta kikopo cha chumvi kando ya sahani yangu. Sahani ya pili mwaitu haniletei tena. Naiomba mwenyewe.