Kiti cha Mgeni

Mkuu wetu wa shule alikuwa na kiti kimoja tu cha maana ofisini, cha mninga, chenye mto wa kitambaa chekundu. Kila asubuhi viranja wawili walikibeba hadi mstarini. Yeye mwenyewe hakukikalia. Alikikalia binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa kijiji cha Didia, asiyeona. Sisi wengine wote, walimu kwa wanafunzi, tulisimama juani hadi matangazo yaishe.

"Huyu ni mgeni wetu," mkuu alipenda kusema, na alikuwa akisema kwa upendo wa kweli, huku amemwekea mkono begani. Binti alikaa amenyooka, mikono mapajani, uso umekazwa. Wengi walidhani ni adabu. Mimi niliyemfundisha nilijua kwamba amenuna.

Ilikuwa miaka ya sabini inakaribia kwisha, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa mtaa wa Kambarage pale mjini, mtoto wa karani, mwanamke kijana bado, na hasira zangu za karibu. Wanafunzi walikuwa wakisikia viatu vyangu ukumbini wanaanza kuficha vitu hata kama hawana cha kuficha. Basi huyu binti alipoingia darasani kwangu mara ya kwanza, niliandika ubaoni kama kawaida yangu, nikagonga chaki, nikasema, "Hii tukiitoa hapa tukaipeleka pale, inabaki nini?"

Mkono ukanyooka.

"Samahani, Mwalimu. Hii ni ipi? Na pale ni wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikahisi masikio yanawaka. Nikageuka nimkaripie, na hapo sauti nyingine ikatoka nyuma kabisa, ya msichana mwenye macho yake mawili mazima: "Hata sisi hatujui, Mwalimu."

Heh! Miaka yote ile nilikuwa nafundisha mkono wangu, sifundishi darasa. Kuanzia siku hiyo nikawa nasema kila kitu kwa jina lake: tatu eksi, upande wa kushoto wa mlinganyo, pembe iliyo chini kulia. Koo lilikauka jioni, lakini kelele za "sijaelewa" zilipungua, nami nikajikuta napenda kipindi kile kuliko vingine. Yule binti alikuwa na maswali ya kuudhi. Alikuwa hakubali jibu mpaka ajue limetoka wapi. Nilimpenda, bwana, tusifichane.

Macho aliyapoteza kwa surua akiwa mdogo sana. Shule ya msingi alisomea kwa wamisionari, wakamfundisha breli, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo mtu husoma kwa vidole. Alikuwa na kibao chake kidogo cha chuma na sindano ya kutobolea, na darasani ulisikia tok, tok, tok, kama kuku anadonoa bati. Shida ilikuwa karatasi. Breli inataka karatasi nene, na miaka ile hata sabuni ulikuwa unaitafuta kwa kujuana. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Nilimweleza shida, akaingia nyuma ya duka, akatoka na mzigo wa kalenda za miaka iliyopita, karatasi ngumu zinazong'aa, zenye picha upande mmoja. Hakutaka hata senti. Tangu hapo kila nilipopita aliniuliza, "Mtoto wetu anaendeleaje?" na kunipa nyingine. Kwa hiyo aljebra ya binti yetu ilitobolewa mgongoni mwa miungu ya Kihindu, mmoja ana kichwa cha tembo, na wasichana wa bwenini waligombania kumbebea madaftari ili wapate kumtazama huyo wa tembo.

Jumapili alikuja nyumbani kwangu kunifundisha breli, nipate kumsahihisha bila kusomewa. Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi. Nikikosea anashusha pumzi, "Mwalimu, hebu rudia, taratibu." Mimi!

Sasa, ilikuwa hivi. Miaka ile mwanafunzi hakupandishwa kidato kwa mtihani peke yake. Kulikuwa na alama za kazi, kazi za kujitegemea, na kwetu kazi ilikuwa shamba. Mvua za kwanza zikinyesha kila msichana anapewa tuta lake la karanga, analilima mwenyewe, na mkuu anapita na kamba kulipima. Huyu binti alisamehewa tangu siku aliyofika. Wenzake wakienda shamba, yeye analetewa chai ofisini. Hakuna aliyewaza jambo hilo mpaka kikao cha walimu kilipokaa kuzungumzia nani anakwenda kidato cha tatu.

"Darasani hana shida," mkuu alisema. "Lakini kwenye kazi niandike nini? Nikiandika sifuri nimemwonea. Nikimpa alama za bure ni uongo. Naona bora arudi kwa wale wamisionari. Wana mafunzo ya kusuka vikapu."

Vikapu! Nilisimama. Sikumbuki vizuri niliyosema, lakini mwalimu wa siasa alikuwa akinivuta gauni nikae. Mtoto anayenisumbua kwa milinganyo ya kipeo cha pili aende akasuke vikapu, na kosa lake ni nini? Kuletewa chai?

Mkuu hakunikasirikia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, Mzinza wa upande wa Geita, na kikao kilipokwisha alinizuia mlangoni. Akaniambia habari za kaka yake aliyekuwa mchimbaji dhahabu huko kwao. Shimo lilimporomokea, mguu ukavunjika vibaya, na tangu hapo anakaa barazani, anapikiwa, anaogeshewa watoto wake, hagusi kitu.

"Na huyu akijikata mguu kwa jembe," akasema, "mama yake nitamwambia nini? Nambie wewe."

Nilikwenda nyumbani nimenuna, na Jumapili binti alipokuja nikamweleza kila kitu, maana sikuona haki ajue mwisho wa safari yake siku ya kufungiwa mizigo.

Aliweka sindano chini.

"Kwani kuna mtu aliniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Kama najua kulima! Mwalimu, mimi ni Msukuma wa Didia. Mama yangu mgongo unamsumbua. Hivyo viazi vya nyumbani unadhani vinalimwa na nani? Na karanga?"

"Unalimaje?" nikauliza, na swali halijamaliza kutoka nikaona upuuzi wake.

"Kwa jembe," akasema.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. "Mwambie anipe tuta," akasema. "Nikishindwa nitaondoka mwenyewe. Lakini asinifukuze kwa chai."

Nikaenda kwa mkuu. Nikaenda tena. Akikataa asubuhi, naenda mchana, mpaka karani wa ofisi akawa ananicheka. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba mimi nilime tuta lililo jirani na lake, nimwangalie. Nikakubali haraka haraka, nikasahau kwamba mimi, mtoto wa karani wa Kambarage, sijawahi kulima hata mchicha.

Usukumani watu wanalima kwa ngoma. Mpigaji anatangulia, walimaji wamejipanga mstari mmoja nyuma yake, na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Shuleni kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, udongo unanukia, wasichana wamefunga kanga viunoni. Binti alivua viatu, akaniwekea mkononi. Akapima kwa mpini nafasi kati yake na jirani, akatelezesha mguu wa kushoto mpaka unyayo ukagusa tuta lililokwisha kulimwa, akatulia.

"Ngoma inaniambia lini," alinieleza kwa sauti ya chini. "Mguu unaniambia wapi. Wewe nipishe tu, Mwalimu."

Ngoma ikaanza, majembe yakapanda. Jembe lake lilipanda na ya wenzake likashuka nayo, na udongo ukageuka. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi isipokuwa mkuu. Alikuja na kofia yake mkononi, suruali ya ofisini ameikunja, anatembea ubavuni mwa binti kama kuku mwenye vifaranga.

"Angalia!" akapiga kelele. "Angalia!"

"Niangalie nini, Mkuu?" binti akauliza, jembe halijasimama.

Mstari wote ukalegea kwa kicheko. Mpigaji ngoma akapoteza mdundo. Mkuu mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Alizidi kusogea, mpaka akaingia mbele yake kabisa. Binti alishusha jembe taratibu, akaegemea mpini.

"Shikamoo, Mkuu. Viatu vyako vinalia. Umesimama kwenye mfereji wangu."

Mkuu aliruka pembeni kama mtoto aliyekanyaga siafu. "Marahaba," akasema, "marahaba, endelea, endelea." Akaenda kukaa kwenye kichuguu, kofia kichwani, na hapo akakaa mpaka mwisho.

Na mimi? Nilikuwa nahema kama ng'ombe wa maksai. Viganja vimechubuka, jasho limeingia machoni, sijui tena kushoto wala kulia. Mara nikasikia unyayo unapapasa tuta langu, kisha sauti ya masikitiko.

"Mwalimu, umenihamia."

Kweli. Tuta langu lilikuwa limepinda, likavuka, likaingia kwake. Aliniambia nirudi nyuma nilirekebishe, na nikarudi, wanafunzi wangu wananitazama, na nadhani siku ile ndiyo waliacha kuniogopa.

Jioni mkuu alipita na kamba. Tuta la binti lilikuwa la kawaida tu. Katikati lilikuwa limepungua kidogo kimo, mwisho lilikuwa sawa. Mkuu aliinama, akalipima, akarudia kulipima. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Wastani," akatangaza.

"Wastani?" binti akasema. "Mkuu, naomba upime tena pale mwisho."

"Wastani, na usinibishie!"

Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia mpishi aliyekuwa anapita na maji. Wastani ilitosha. Mwezi wa kwanza alirudi kidato cha tatu na furushi la matobolwa, yale makavu ya viazi vilivyochemshwa, zawadi yangu kutoka kwa mama yake. Nilitafuna muhula mzima.

Lakini kiti hakikuondoka. Asubuhi ya kwanza viranja wakakileta, mto wake mwekundu umepigwa vumbi, na mkuu akasema, "Karibu, mgeni wetu." Jumapili ile binti hakunifundisha vizuri. "Nimelima," aliniambia. "Nimefaulu. Bado mgeni tu. Mgeni anaondoka lini, Mwalimu?" Nilimwambia awe na subira. Alinijibu kwamba subira anayo, ila makalio yake yamechoka na ule mto.

Karanga zikakomaa. Asubuhi moja mwalimu wa zamu aliwasimamisha mbele ya mstari wasichana wawili, binti yetu na rafiki yake wa dawati moja, yule aliyekuwa akimsomea ubao. Walikutwa nyuma ya jiko wanakaanga karanga za shule kwenye kifuniko cha sufuria. Ushahidi ulikuwepo: mifuko bado imejaa, na yeye mdomo una masizi ambayo hakuwa na habari nayo.

"Mmezitoa wapi?" mkuu akauliza.

"Kwenye tuta langu," binti akasema. "Nililima mwenyewe, Mkuu. Uliliona."

Watu wakabana kicheko. Mkuu akamgeukia yule rafiki. "Wewe, kuchota maji ya jiko wiki nzima." Kisha akamtazama huyu, na akanyamaza. Nilijua ananyamazia nini. Kwetu hakuna aliyewahi kumwadhibu mtoto huyu kwa lolote, hata alipochelewa, hata alipopiga soga bwenini taa zimezimwa. Nami nilisimama pale namwomba Mungu kwamba mkuu wetu, safari hii, asiwe mwema.

Viranja, kwa mazoea, wakawa wanakuja na kiti. Wakakiweka nyuma yake. Binti akausikia mguu wa kiti ukigusa kokoto, na nikaona mabega yake yanashuka.

Mkuu alikitazama kile kiti.

"Kirudisheni ofisini," akasema. Akakohoa. "Na wewe, maji vilevile. Wiki nzima. Mwizi mkubwa we!"

Sijawahi kuona mtu akipokea adhabu vile. Uso wote ulifunguka, masizi na yote, meno yanaonekana hadi ya mwisho.

"Asante, Mkuu!"

"Unanishukuru nini? Ondoka mbele yangu!"

Nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza walipoanza kuchota. Niliwaona dirishani wakirudi kutoka bombani, ndoo kichwani, yeye mkono mmoja begani kwa mwenzake, wanabishana kwa sauti. Mpishi, kwa huruma zake, alikuwa amempa ndoo ndogo. Binti alisimama njiani, akaitua, akaipapasa, kisha akaipapasa na ya mwenzake.

"Mkuu kasema vilevile," nikamsikia. Akamwaga maji yote chini, akageuka kurudi jikoni kudai ndoo kubwa.