Upande wa Pili wa Kamba

Juzi, kwenye ukumbi mmoja hapa Eldoret, niliwakuta vijana wakichora kwa vikundi michezo wanayotaka mtaani kwao. Harufu ya kreyoni ikanirudisha kambini tulikokimbilia baada ya ghasia za ile kura, ndani ya hema lenye joto na moshi wa kuni.

"Choreni mchezo mnaotamani," madam mgeni alituambia.

Sasa najua alitaka maoni yetu tu. Lakini pale kambini, kila mgeni mwenye karatasi alikuwa anaandikisha msaada: blanketi, unga, sabuni. Nikachora kwa makini kamba ya kuruka.

"Na huyu aliyeshika upande wa pili?"

"Ni Chebet, jirani yetu wa kule nyumbani Kiplombe. Ana pengo hapa mbele. Wasilete mwingine."

Madam akautia mchoro wangu mkobani. Mimi sikutulia tena. Kila lori liliponguruma langoni nilichomoka, nywele zimesukwa nusu, mama akifoka, "Wanjiru! Rudi hapa!"

Siku moja lori likashusha kamba kweli, mpya kabisa. Nilipanda gurudumu, nikachungulia ndani hadi kwenye pembe, kisha nikamuuliza dereva Chebet ameshukia wapi.